Noti Iliyopigwa Pasi

Baba mdogo, niliyeishi kwake, alikuwa keshia wa kiwanda cha mikate, na madereva waliosambaza mikate madukani walimwita Msomaji. Jina halikutokana na vitabu. Jioni, walipomwaga mauzo kwenye kidirisha chake, yeye alizisoma noti. Aliangalia namba, akageuza upande wa pili, akainua kwenye taa, huku foleni ikinung'unika.

"Msomaji, leo gazeti linasemaje?" dereva mmoja angeuliza.

"Linasema mikate imepanda bei, akili za madereva bado ziko palepale."

Alichokitafuta hakikuwa siri. Muuza saa mmoja wa mjini, aliyenunua pia noti adimu kwa niaba ya watu wanaozikusanya, alikuwa amemweleza kwamba hata noti ya kawaida, inayonunulia watu nyanya na sabuni, inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa juu yake. Labda namba zake zimepangika kwa namna ya ajabu, labda mashine ilikosea wakati wa kuchapa. Ilipotokea ya namna hiyo, baba mdogo alitia ya kwake kwenye droo na kuichukua. Kwa miaka yote aliyokaa pale kidirishani, alipata moja tu ya maana, akanunua viatu. Hakuacha kusoma.

Mkewe alikuwa dobi. Sebule yetu ilinukia sabuni na kitambaa cha moto. Ukiingia ilibidi uinamishe kichwa kukwepa mashati ya watu. Mtaani alikuwa na sifa moja: pesa iliyosahaulika mfukoni ilirudi kwa mwenyewe. Tena haikurudi hivihivi. Noti aliifua kwa maji baridi, akaipaka wanga kidogo, akaipiga pasi juu ya kitambaa cheupe, kisha akaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Wateja walimtania kwamba wanasahau pesa makusudi. Mama mdogo alijibu kwamba kwake hakitoki kitu kichafu, liwe shati, awe mume.

Kisha macho ya mama mdogo yakaanza kuzimika. Si yote kwa pamoja. Yalijifunga kutoka pembeni, hata akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hospitali walisema ni presha ya macho, kwamba asipopasuliwa mapema atakuwa kipofu, na kwamba kile kilichokwisha kupotea hakirudi. Wakataja bei. Nilikuwepo. Karani aliitaja kama anayetaja saa ya basi, akamwita mgonjwa mwingine. Ndani ya nyumba yetu yalikuwa yamening'inia makoti meupe ya madaktari wa hospitali hiyohiyo, yamenyooka kama karatasi, na aliyeyanyoosha ndiye huyu aliyekuwa anaambiwa asogee kando.

Wiki chache baadaye, dereva mmoja alileta noti chafu, yenye doa la mafuta na harufu ya hamira. Baba mdogo akaisoma. Namba ya kushoto, ambayo kwenye kila noti hufanana na ya kulia, hapa haikulingana nayo. Aliisoma tena, akavua miwani akaifuta, akaisoma mara ya tatu. Dereva akamuuliza kama kuna msiba kwenye gazeti. Baba mdogo alitia noti yake kwenye droo, akaiweka ile ndani ya kitabu cha ramani cha watoto alichokuwa nacho kazini, akaja nyumbani kwa miguu kwa sababu aliogopa mifuko ya watu kwenye basi.

Akaipiga picha, akamtumia muuza saa. Jibu likaja: yuko mnunuzi, na bei aliyoitaja ilitosha upasuaji, dawa na nauli, ikabaki kidogo. Iletwe Jumatatu asubuhi. Isikunjwe, isibandikwe kitu, isiwekwe juani. Muuza saa alimwonya juu ya kila kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kuifanyia noti.

Jumamosi baba mdogo alikuwa kazini. Mama mdogo alitoa noti kwenye kitabu cha ramani ili aishike tu, maana kuiona vizuri hakuweza. Vidole vyake vikakuta lile doa. Baadaye alinieleza jinsi alivyojisikia: aibu. Kitu kinachokwenda kumnunulia macho kitoke nyumbani kwa dobi kina mafuta? Akateka maji baridi. Hakuisugua, aliibembeleza. Akapaka wanga, akatandika kitambaa cheupe, akapitisha pasi mara moja tu, kwa ustadi wote aliokuwa nao, akairudisha kitabuni.

Jumatatu nilimsindikiza baba mdogo. Hatukuifungua mpaka dukani, kwa sababu alikuwa ameapa asiiguse. Muuza saa alifungua kitabu, akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama. Saa za ukutani ziligonga kila moja kwa wakati wake.

"Nani ameifua hii?"

Baba mdogo alitazama noti kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine. Ilikuwa safi, imekakamaa, haina hata mkunjo.

Muuza saa hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole kwamba noti iliyooshwa hainunuliwi na watu wa aina ile, na hii ilikuwa na balaa zaidi: maji yalikuwa yamefifisha namba moja kuliko nyingine. Yeyote atakayeitazama atasema namba imefutwa na kuchapwa upya na mjanja. "Ungeniletea na mafuta yake, mzee, ningekulipa leo hii. Sasa hivi ni pesa ya kununulia mkate."

Nje nilitaka kusema mengi. Nilitaka kurudi nikagombane na mtu, na sikumjua wa kugombana naye. Nchi ya namna gani hii, ambamo macho ya mwanamke aliyefulia nusu ya mtaa yanangoja mashine ya pesa ikosee? Baba mdogo alinishika mkono.

"Ukifika nyumbani," alisema, "wewe huna neno."

Mama mdogo alikuwa mlangoni, amefunga kitambaa kipya. Aliuliza bwana yule ameionaje.

"Alisema hajawahi kuletewa noti safi namna ile, Bibie."

Uso wake ukafunguka. "Nilijua tu. Na pesa?"

"Mnunuzi yuko safarini. Akirudi."

Mnunuzi hakurudi. Baba mdogo alichukua zamu za usiku, akauza jokofu, akauza baiskeli, akaomba mkopo kiwandani akaambiwa asubiri kikao. Fedha zilipotimia, jicho la kushoto lilikuwa limezimika, na la kulia walilipasua likabaki kutofautisha mchana na usiku. Daktari alisema laiti wangewahi kidogo tu. Pengine asubuhi hiyo alikuwa amevaa koti lililonyooshwa na mama mdogo.

Ile noti baba mdogo aliirudisha kwenye droo ya kiwanda, akachukua yake. Madereva wanasema hasomi tena. Anahesabu na kupokea, foleni inakwenda haraka, na hakuna anayemwita Msomaji.

Mama mdogo hapigi pasi nguo za watu tangu alipounguza shati la mteja. Lakini jioni mumewe akirudi na pesa ya matumizi, anaomba apewe kwanza. Anazipapasa, anazitenga zenye uchafu, anaitisha beseni. Nilimsikia siku moja akimwambia, "Huwezi kujua, mzee wangu. Kama imo nyingine ya bahati, iwe tayari."

Baba mdogo huteka maji mwenyewe. Huhakikisha ni ya baridi, humwekea mikono yake ukingoni mwa beseni, kisha hukaa chini kando yake, ameshika kitambaa cheupe, akisubiri.