Shikamoo ya Mbwa Wetu

Jirani yangu hapa Makole amemlalamikia binti yangu kwamba nina maringo. Watoto wake wakipita asubuhi kwenda shule wananiamkia, "Shikamoo bibi," na mimi siwajibu papo hapo. Naangalia kwanza chini, kando ya kiti changu, ndipo naitikia. Binti yangu naye akapata pa kusemea. Akamweleza jirani kwamba hayo ni madogo, kwamba mama yake hajamwamkia mtu shikamoo tangu utoto, hata mkuu wa wilaya alipokuja kufungua kisima aliambiwa "Mbukwa" ya Kigogo kama mchunga mbuzi mwenzetu.

Ni kweli. Maringo ninayo, sikatai, lakini hili lina sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na miguu minne. Vuta kiti nikueleze.

Tulikaa nje ya Mkonze, enzi za Mwingereza. Siku hizi huko ni nyumba za bati na maduka ya vocha, ila wakati ule ukisimama juu ya tembe letu, kwenye lile paa bapa la udongo bibi alipoanika mlenda, ulichoona ni vichaka mpaka macho yachoke. Mwaka ninaousema mvua ilitupita. Baba na mama walikwenda kukata mkonge, kaka zangu wakahama na ng'ombe kufuata majani ya mbali. Tukabaki watatu, babu, bibi na mimi, na mbwa wetu akawa wa nne. Asubuhi nilikwenda korongoni kuchimba maji mchangani, nikiyachota kwa kata kidogo kidogo, na mpaka leo nikisikia mtu anakwangua sufuria naukumbuka mchanga ule. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda mkavu. Kesho yake mlenda mkavu na ugali wa uwele.

Mbwa alikuwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Bibi ndiye aliyempa jina, na kwa Kiswahili jina hilo ni Watasema. Kwetu mtu humpa mbwa jina analotaka majirani walisikie, na bibi yangu alikuwa na mengi ya kuwasikilizisha.

Babu alikuwa mwindaji wa upinde. Mkono wake ulikuwa bado mzima, macho ndiyo yaliyoanza kumsaliti. Swala akiwa amesimama alimwona, na mshale ulifika. Lakini swala aliyechomwa haanguki hapo hapo, hukimbia, na kumpata ni kazi ya kufuata damu, tone hapa kwenye jani, tone pale kwenye jiwe. Matone hayo babu hakuyaona tena. Siku moja alimpoteza tandala dume, tukaja kuonyeshwa na tai siku ya tatu, akiwa ameoza. Babu alikataa kula siku hiyo. "Nimeua bure," alisema, na akarudia hivyo mpaka bibi akamwambia anyamaze.

Ndipo nikasema nitamfundisha mbwa afuate damu.

Jirani wetu wa wakati ule, mama mmoja aliyejua mambo ya kila boma, alicheka mpaka akashika ubavu. Mtoto wa kike na mbwa wa mawindo, wapi na wapi! Bibi hakubishana naye. Alimwita mbwa kwa sauti, mara mbili, "Watasema! Watasema!" na jirani akaelewa.

Nilianza na kwato za digidigi na kipande cha ngozi yake, nikavifunga kwenye kamba na kuviburuta kutoka mlangoni mpaka kwenye kichaka cha karibu. Mwisho wa njia niliweka kipande cha ini kikavu. Siku za kwanza alikimbia huku na huko kama amechanganyikiwa, akakojolea kila mti. Nikamfunga kamba ndefu ya ngozi shingoni, nikamfundisha kwenda polepole, pua chini, mimi nikiwa nyuma. Baadaye niliacha harufu ilale tangu asubuhi hadi mchana, jua likiipiga. Nikaipitisha palipopita mbuzi. Nikachanganya damu kidogo na maji kwenye kibuyu na kudondosha kwa bua la mtama, tone moja kila hatua tano. Akiipoteza hakupigwa. Nilimrudisha mwanzo tukaanza upya, na miguu yangu iliiva kwa miiba. Akimpata mnyama hakutakiwa kubweka wala kurarua. Alitakiwa alale kando yake, kidevu chini, anyamaze mpaka tufike, kisha yeye apewe mapafu kabla ya mtu yeyote kuonja chochote.

Kunyamaza kulikuwa na maana yake. Serikali ilikwisha kusema wanyama wote wa porini ni mali yake. Wazungu walishuka kwenye treni na bunduki na kibali, wakapiga mpaka mabega yakawauma. Sisi tukichukua mmoja ni jela. Msimamizi wa mambo hayo alikuwa mzungu, watu wote wakimwita Bwana Nyama, na alitembea na askari wake mmoja, mtu wa pwani, mrefu, asiyecheka.

Likabaki neno la kumwanzisha mbwa. Babu alisema, "Tafuta neno ambalo hapa nyumbani hakuna anayelitamka, asije akakurupuka bure." Mimi nilikuwa nimesoma mwaka mmoja kwa mwalimu wa shule ya misheni, nami ndiye pekee nyumbani niliyekijua Kiswahili. Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nyumbani tulisema Kigogo tu, na salamu yetu ilikuwa ile ile ya asubuhi na jioni, ya mkubwa na mdogo: Mbukwa. Basi nikachagua neno la Kiswahili, fupi na zuri. Nikamwambia mbwa, "Shika!"

Alilishika neno hilo kuliko nilivyozishika herufi. Ukisema shika, pua ilishuka chini na hainyanyuki mpaka nyama ipatikane. Miezi ile ya njaa alitupatia digidigi kadhaa na swala wawili, na hakuna hata mmoja aliyeozea porini. Babu alianza tena kutembea kifua mbele.

Swala wa tatu tulimpata asubuhi moja. Mchana tulikuwa tumekwisha kumkata, na nyama imefichwa ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti la kuhifadhia uwele, makapi yamewekwa juu. Bibi alifagia sakafu na kumwaga majivu kila palipodondoka damu. Mimi nikatumwa maji.

Niliporudi na kibuyu kichwani nilimkuta Bwana Nyama mlangoni, na askari wake anatoka ndani akijipangusa makapi mikononi. Alikuwa amepekua na hakupata kitu. Babu ameketi kwenye kigoda, bibi anapeta mtama usiokuwapo. Walikuwa wanaondoka. Nakuambia, walikuwa wameshageuka! Na mimi, mwanafunzi mwenye adabu, niliyefundishwa na mwalimu namna ya kuwaamkia watu wa Serikali, nikatua kibuyu, nikapiga goti, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Shika-moo, Bwana!"

Watasema alikuwa amelala kivulini. Aliinuka. Pua ikashuka chini. Akapita katikati ya miguu ya Bwana Nyama, akaingia ndani, akayafuata majivu ya bibi tone kwa tone mpaka kwenye kilindo. Akalala kando yake, kidevu chini, kimya, akisubiri mapafu yake.

Nilimwona babu akifumba macho. Askari alirudi ndani, akaingiza mkono kwenye kilindo mpaka begani, akautoa na paja la swala.

"Mzee, huyu ni mnyama wa Serikali," alisema.

Nilimtafsiria babu, lakini aliyejibu ni bibi. Alisimama na ungo wake mkononi. "Mwambie, kama ni wa Serikali, mbona mwaka juzi alikula mtama wetu shamba zima na Serikali haikuja kumtoa? Mwenye mbuzi humfunga kamba mbuzi wake. Nao wawafunge wa kwao!"

Nikatafsiri yote. Sikupunguza hata nukta. Bwana Nyama alielezwa na askari wake kwa Kiingereza, masikio yakamwiva, akaamuru babu afungwe mikono na upinde uvunjwe. Kisha akamtazama mbwa, na hasira ikampungua. Mbwa wa namna hiyo, alisema, angemfaa yeye na wageni wake wenye bunduki. Akamchukua.

Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni. Watasema alivutwa kwa kamba yangu mwenyewe, ile ya ngozi, huku ananitazama, maana kazi aliifanya vizuri na mapafu hakupewa. Bwana Nyama akataka kujua neno la kumwamrisha. Askari akaniinamia.

"Mnamwambiaje?"

Nilimwangalia usoni. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja.

"Mbukwa," nikasema.

Askari alijinyoosha. Yeye ni mtu wa pwani, Kiswahili ni cha mama yake, na alikuwapo nilipopiga goti. Kisha akamgeukia bwana wake. "Anasema ni Mbukwa."

Babu alipelekwa jela ya mjini, akagongeshwa mawe. Sisi tukasikia habari za mbwa kutoka kwa wapagazi waliopita. Kila Bwana Nyama au mgeni wake alipojeruhi mnyama, alimwinamia mbwa na kumwambia, "Mbukwa! Mbukwa!" na mbwa akatikisa mkia, kwa sababu amesalimiwa. Porini Ugogo, mzungu amevua kofia, anamwamkia mbwa! Watu walicheka mpaka kwenye foleni ya chakula cha njaa. Lakini kambini, kila kijana wa jikoni alipomwamkia mpishi mzee shikamoo, mbwa aliinuka na kwenda kulala kando ya kabati la nyama. Wakamwita mwizi. Bwana Nyama akachoka naye, akaamuru apigwe risasi.

Habari hiyo iliponifikia niliacha kula. Bibi hakunibembeleza. Aliniambia nikachimbe maji kama kawaida, kwa sababu watu wale wakituona tumelala chini watadhani wametuweza.

Siku ya pili yake, nikiwa korongoni, nilisikia viatu kwenye mchanga. Askari alikuwa amesimama juu ya ukingo, bunduki begani, na mkononi ameshika kamba ya ngozi. Mwisho wa kamba kulikuwa na sikio moja lililosimama na jingine lililolala.

Nikafumbua mdomo. Sikumbuki nilitaka kusema nini, labda ile adabu ya darasani, lakini yeye aliwahi kuinua kidole.

"Wewe mtoto, usinisalimie."

Nikafunga mdomo.

"Nimeagizwa nipige risasi," alisema. "Risasi nimepiga. Sikuulizwa nimepiga nini." Akaiachia kamba. "Huyu amekufa. Mtu akimwona hai, mimi naingia pale alipo babu yako. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alikunywa maji ya kata yangu, akapanda ukingo, hakugeuka. Sikuwahi kumwona tena, na jina lake sikulijua.

Jioni ile bibi alitoa amri, na amri yake ilifika kwa majirani wote, hata yule mama aliyenicheka. Shikamoo isitamkwe tena pale kwetu. Aje karani, aje akida, aje nani, ni Mbukwa. Mbwa aliyekufa hawezi kuinuka mbele ya mgeni. Mimi nikaenda mbali zaidi. Niliporudi shuleni mwalimu alinichapa kwa kutomwamkia, akanichapa tena, akaniuliza kama nina kiburi. Nikamwambia ninacho. Ningewezaje kumweleza kwamba neno lake la adabu lilimpeleka babu yangu jela kugonga mawe, na kwamba kulinyamaza kulikuwa kunamlinda kiumbe mmoja aliyelala kivulini kwetu?

Babu alirudi amekonda, viganja vimepasuka. Alipumzika wiki moja. Ya pili alikata mti akachonga upinde mpya, akaniita, akaniambia kwa Kigogo, "Mlete marehemu, twende."

Tukaenda. Na tuliendelea kwenda mpaka Watasema akazeeka meno yakamtoka, akafa usingizini mlangoni, baada ya babu na kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Nilimzika kwa mikono yangu pamoja na kamba yake. Nyumba ya bati ya mtu fulani iko juu yake sasa. Swala wa Mkonze nao wameisha, na nisikie mtu akisema tuliwamaliza sisi wa upinde, atanijua.

Sheria ile ilikwisha, na bibi aliyetoa amri alikwisha zamani. Hakuna anayenizuia kusema neno lile leo. Silisemi. Niliahidi, na hakuna aliyekuja kunifungua.

Lakini kuamkiwa siwezi kuwazuia watoto wa watu. Wanapita asubuhi na mabegi yao, wanapiga goti vizuri, "Shikamoo bibi," na mimi, kabla sijaitikia, naangalia chini kando ya kiti. Nangoja kidogo. Haamki mtu.

Ndipo nasema marahaba.