Ng'ombe Anayelia

Matope ya Ziwa Eyasi yakikaukia kwenye buti yana harufu yake: chumvi, magadi, na kitu kama yai lililosahaulika. Mke wangu amepiga marufuku buti zangu zisivuke kizingiti. Hajui kwamba nikizivua pale barazani, hapa Karatu, kwenye nyumba niliyoijenga kwa vitunguu vyangu mwenyewe, huwa nazinusa kwanza. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Shule niliishia darasa la tano, na leo lori lenye jina langu ubavuni linapita kwenye lami hii mnayoiona. Acha niwasimulie lilikoanzia.

Wengine wakisikia pwani hufikiria Tanga na nazi. Sisi Wairaqw wa huku juu, pwani yetu ilikuwa kule chini bondeni, kando ya ziwa, na wazee waliiogopa. Kulikuwa na chemchemi, na udongo ambao ukiutupia mbegu ya kitunguu unarudi na gunia. Lakini kulikuwa na homa, joto la kubabua ngozi, na ziwa lenyewe, ambalo lina tabia ya mgeni mkorofi: linakaa mbali miaka na miaka, halafu siku moja unalikuta mlangoni.

Shamba la Baba lilikuwa limegawanywa na ndugu zake mpaka likabaki kama mkeka. Alitaka tuhamie ziwani sote. Mama, ambaye dada yake alifia huko kwa homa, alikataa katakata. "Baba Paskali, watoto wangu sikuwazalia mbu."

Walibishana tangu palizi mpaka mavuno. Aliyewaamua ni Bibi, mama yake Baba. Kwetu mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Huwagawa, mmoja kwa rafiki huku, wawili kwa shemeji kule, ili ugonjwa ukipita usimwache fukara.

"Na watu ni hivyo hivyo," Bibi akasema, huku akipuliza moto. "Nenda na mtoto mmoja, msimu mmoja. Pakimshinda, mnarudi."

Kila mtu alijua huyo mmoja ni kaka yangu Paskali: mpole, mabega mapana, hajawahi kusema hapana tangu azaliwe. Mimi nilikuwa wa pili, mwembamba kama fito, mwenye mdomo. Baba alitutazama, akainama akamnong'oneza Bibi, na Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha Baba akaninyooshea kidole mimi.

Nilivimba kama andazi. "Umeona?" nikamwambia Paskali. "Wanataka mwanamume."

"Mwanamume gani, anayelia maji ya kunawa yakiwa baridi? Utarudi kabla maharage hayajaiva jikoni!"

Tukateremka na punda wetu. Baba akajenga kibanda kwenye mwinuko, na matuta ya vitunguu akayalima chini, ambako udongo ulikuwa laini. Nami sikunyamaza hata siku moja. Joto, nikasema. Mbu, nikasema. Uji unanuka magadi, kibanda kinanuka punda. Kila jioni Baba aliniuliza, "Haya Fausti, leo pamekukosea nini?" Nikamimina yote, naye akanisikiliza kwa makini hata nikajiona mshauri wa mfalme. Niliposema maji yananisokota tumbo, tukaanza kuyachemsha. Niliposema mbu wanatoka kwenye majani yale, yakafyekwa. Homa nayo ilipokuja niliitangaza kabla haijanikamata vizuri, Baba akanipandisha punda mpaka zahanati, nikapona.

Halafu mvua zikashika milimani, na ziwa likaja. Asubuhi moja tulikuta matuta ya chini yamelala majini. Tuling'oa tulichoweza tukiwa tumezama magotini, harufu ya vitunguu na matope ikipanda mpaka kichwani. Karibu shamba lote lilikwenda. Baba akakaa juu ya jiwe, akasema taratibu, "Mama yako aliliona hili." Akainuka, akaanza kumfungia punda vyombo.

Lakini ziwa halikuja mikono mitupu. Kambare walikuwa wanagaragara kwenye matuta yetu! Sasa ujue, kwetu enzi zile samaki hakuliwa. Bibi alimwita nyoka wa majini. Jirani yetu Mama Nyanzala, Msukuma aliyecheka kwa mwili mzima, alimchoma mmoja akanimegea. "Kula, bwana mkubwa. Bibi yako yuko mlimani, haoni."

Nikala. Nikanyonya mifupa. Nikaomba tena.

Baba alikuwa amesimama na kamba ya punda mkononi, ananitazama. "Haya Fausti, leo pamekukosea nini?"

Nikafikiri, mdomo umejaa. "Chumvi," nikasema. "Mama Nyanzala kaweka kidogo."

Baba alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akafungua kamba, akateremsha sufuria chini.

Hatukurudi. Matuta tuliyahamishia juu, karibu na chemchemi, na kambare wakavu wakapanda kilima kwenda kwa watu wasio na bibi kama wangu. Mwaka uliofuata Mama alishuka na Paskali, ananung'unika njia nzima, na chandarua kichwani.

Miaka yote nilitamba kwamba nilichaguliwa kwa uanaume. Siku niliyonunua lori nilimpakia Mama, sasa ni mzee, nikamsimulia tena. Akaniacha nimalize.

"Wewe mtoto," akasema. "Paskali angekufa na homa huku anasema hajambo. Baba yako alisema zizi la ugenini hapelekwi ng'ombe mpole, hupelekwa anayelia. Akilia, fisi yuko karibu. Akinyamaza, ujue kuna majani."

Nilikaa kimya mpaka tulipofika mjini, na wanaonijua watawaambia hilo halijatokea tena.

Ziwa bado linakuja. Kuna misimu limenimezea matuta, na kuna misimu limeniezekea nyumba. Homa nayo haijahama. Mashamba siku hizi yanataka macho mapya, na wanangu wa kiume wote ni wapole, watoto wazuri. Ninayeshuka naye ni binti yangu wa mwisho. Anaanza kulalamika tukiwa bado getini: kiti kigumu, vumbi, jua, harufu. Namsikiliza mpaka ziwani, na redio nimeizima.