Miswaki Kumi na Mmoja

Tulimdanganya mkaguzi wa serikali, na tulidanganya vizuri mno. Hilo la pili ndilo lililotuponza.

Tunakaa Sydenham, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, watu kumi na mmoja katika nyumba ya zamani yenye bafu moja: mimi na wanangu wanne, mdogo wangu na mumewe, na familia ya Warundi wanne waliopanga vyumba vya nyuma. Wakati huo mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwetu Uvira, huko Kongo, mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na kama mama hayupo, kazi hiyo ni ya dada mkubwa. Mimi nilipomzaa kifungua mimba wangu hapa Durban umeme ulikuwa ukikatika kila mara, nikakandwa kwa maji ya vuguvugu. Tumbo liliniuma miezi. Niliapa mdogo wangu hatayaona hayo.

Basi niliposikia kanisani kwamba serikali inalipia sehemu kubwa ya gharama kwa nyumba inayofunga mtambo wa jua wa kuchemshia maji, nilikwenda kuomba kesho yake. Bibi mwenye nyumba alitia sahihi bila maneno, maana tangi lingebaki juu ya paa lake. Ikabaki mkaguzi kuja kuona nyumba.

Sisi wakimbizi, mtu mwenye faili akibisha hodi hatuulizi amefuata nini. Tunapungua. Makaratasi yetu yote yalikuwa halali, lakini woga ukishazoeleka hauulizi makaratasi. Warundi walitokea mlango wa nyuma wakaenda kwa jirani. Wanangu niliwatuma kanisani, siku ambayo hata kanisa lilikuwa limefungwa. Mdogo wangu na mumewe niliwafungia chumbani, nikawakataza hata kukohoa. Nilikusanya miswaki yote bafuni nikaificha, nikabakisha wangu. Mkaguzi, mama mmoja mpole wa makamo, akaniuliza tunakaa wangapi.

"Mimi peke yangu," nikasema, na moyoni nikajipongeza.

Baada ya wiki chache ikaja barua. Msaada ni kwa nyumba yenye watu wasiopungua sita wanaotumia maji hayo, nyumba yangu ina mtu mmoja, ombi limekataliwa. Niliisoma nimesimama jikoni, nikacheka kwa hasira. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejifunza kutuficha, na siku tuliyotakiwa kuwa wengi nilikuwa nimetufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijikasirikia, kisha nikaukasirikia ule woga, na hasira hiyo ya pili ndiyo iliyonisaidia.

Niliwaambia wote wavae nguo za kanisani, twende ofisi iliyotuma barua ile. Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, akaanza kulia.

"Yaya, tukienda sisi wote kwa ile bureau watatufukuza. Iko polisi pale kwa mlango."

"Wacha watufukuze. Nimechoka kujificha kama mwizi na sijaiba kitu."

Tuliingia kwa mstari, watu kumi na mmoja, tumbo la mdogo wangu likitangulia. Polisi wa mlangoni alitutazama tu. Karani alifungua faili langu, akakuna kichwa.

"Eish, mama. Hapa wameandika mtu mmoja."

"Nilisema uongo kwa sababu niliwaogopa. Leo siwaogopi. Tuhesabu."

Alituhesabu kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, na kila aliyefikiwa alitoa karatasi yake. Hakuna aliyefukuzwa. Akasema mkaguzi atarudi. Yule mama aliporudi alikuta milango yote wazi, wanangu wakigombana sebuleni, na miswaki kumi na mmoja kwenye kopo pale bafuni. Aliitazama miswaki, akanitazama mimi, akaandika.

Tangi lilipandishwa paani siku tatu kabla mdogo wangu hajajifungua mtoto wa kike. Asubuhi ya kwanza walipotoka hospitali nilifungua bomba, maji yakatoka yakifuka moshi. Nilichovya taulo, nikalikamua, nikalibandika tumboni mwake. Alipiga ukelele.

"Yaya, unaniunguza! Watu watasikia!"

"Wasikie," nikamwambia, nikachovya tena. "Humu tuko kumi na wawili."