Vijiko vya Élie

Uliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Nguba, Gaston Bulonza alikuwa mtu gani. Kabla hajakujibu atacheka kwanza. Gaston alikuwa mdomo. Kazi yake ilikuwa kutunza karatasi za zamani katika ofisi moja ya kanisa, kazi ya vumbi na kimya, na mimi nadhani miaka ishirini na sita ya kunyamaza mbele ya makabati ndiyo iliyomharibu. Akitoka kazini alikuwa na maneno ya siku nzima ya kumwaga. Alisifia watoto wake kwa padri, kwa muuza mkate, hata kwa askari wa barabarani aliyekuwa akimkagua kitambulisho. Mkewe Valérie alimwita Papa Lydie, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na kanisani alimfinya mkono ili anyamaze. Naye aligeuka na kumuuliza kwa sauti, "Mbona uko unanifinya?"

Kitu cha pili alichopenda ni ziwa. Baba yake aliwapigia kasia Wabelgiji siku za Jumapili, na kwake Gaston alirithi uvuvi wa kukokota. Mwenzako anapiga kasia taratibu, wewe unaketi nyuma na kuachia mshipi mita arobaini. Mwisho wa mshipi kuna kijiko cha chuma kinachozunguka majini na kumetameta, na chini ya kijiko kuna ndoano. Samaki mkubwa akikiona anadhani ni mdogo aliyejeruhiwa, anakifuata. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, walimcheka, lakini Gaston hakutaka sambaza. Alitaka barbusi, yule samaki mwenye masharubu anayenenepa kwenye miamba mwishoni mwa kiangazi.

Kisanduku chake kilikuwa na vijiko vya aina mbili. Vyeupe alivikata kutoka vijiko vya jikoni, jambo ambalo Valérie hakuwahi kulisamehe, na vilifaa siku za jua kali. Vya manjano vilikuwa kumi na kimoja. Hivyo vilifaa Agosti, watu wanapochoma mashamba milimani na moshi kulala juu ya ziwa, mwanga ukapungua hata chuma cheupe kisionekane tena. Vya manjano vilitengenezwa kwa maganda ya risasi.

Historia ya maganda hayo nitaieleza mara moja tu. Oktoba 1996, vita vya kwanza vilipoingia mjini, askari waliokuwa wakikimbia walivunja mlango wa Gaston na kudai ufunguo wa gari. Gari hawakuwa nalo. Lydie, mwenye miaka kumi na tisa, aliwaambia hivyo kwa adabu, akiwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Mmoja wao akafyatua. Risasi moja ilitoboa sufuria, mbili ziliingia ukutani, nane ziliingia kwake. Walipoondoka, Gaston aliokota maganda moja moja, yangali na joto, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakujua mikono yake ifanye nini kingine.

Élie, mdogo wake Lydie, alikaa siku tisa akilitazama kopo lile. Siku ya kumi akachukua nyundo, koleo na tupa, akapasua ganda moja na kuligonga mpaka likawa kijiko chembamba, kilichopinda kidogo upande. Kwa ncha ya msumari akatia nukta tatu karibu na tundu, maana Lydie alikuwa na alama nyeusi tatu chini ya sikio. Akatengeneza vyote kumi na kimoja. Samaki wa kwanza aliyekamatwa kwa vijiko hivyo Valérie alikataa hata kumtazama. Wa tatu alimpika, akala huku akilia.

Sasa tuje Agosti 1998. Vita vya pili vilianza hapo hapo mjini, na jeshi jipya likatoa amri kwamba mtu akikutwa nyumbani na silaha, au risasi, hata ganda tupu la risasi, huyo ni Mai-Mai, mpiganaji wa msituni. Kule mtaa wa Cimpunda fundi viatu mmoja, Déogratias, alipigwa risasi mbele ya mlango wake kwa sababu ya ganda ambalo wajukuu walikuwa wakilipulizia kama filimbi. Walimwacha pale siku mbili, na mkewe akazuiwa kumfunika.

Wiki hiyo hiyo Élie alikamatwa kwenye soko la Nyawera. Alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi, na begani alikuwa na alama ya ukanda wa begi lake la vitabu. Askari wakasema ni alama ya ukanda wa bunduki. Wakampiga kwa nyaya pale pale sokoni, kisha wakamtia ndani ya kontena la chuma katika villa moja ya kando ya ziwa, alikokaa mkubwa wao, Komanda Adalbert. Mle ndani walikuwa watu thelathini. Kila asubuhi kontena lilifunguliwa, wawili watatu wakatolewa, na waliotolewa hawakurudishwa.

Siku ya nne Gaston alikwenda kuomba. Alimkuta Komanda kwenye ngazi za mawe anavua kwa funza, na kando yake ndoo tupu. Mtu mwenye akili angeanza kwa salamu. Gaston akasema, "Komanda, vile hautakamata kintu. Funza ni ya batoto."

Mlinzi alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakaruka. Alipoinua bunduki tena, Komanda akamwambia, "Tika ye, umuache. Aseme."

Na Gaston, damu ikimchuruzika kidevuni, akasema. Alieleza barbusi, miamba, moshi, mwendo wa kasia, yote. Komanda akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alichokuja kutafuta. Gaston akamtaja Élie.

"Samedi unanipeleka," Komanda akasema. "Nikikamata mbisi monene, samaki mukubwa, mutoto wako anatoka mule. Nikikosa, muko wawili mule."

Jumamosi asubuhi kisanduku kilikuwa wazi mezani. Valérie alikuwa amekwisha kuweka vijiko vyeupe pembeni.

"Papa Lydie, beba ya mweupe. Bakitambua ile ya manjano, banakuua mule mule ndani ya mutumbwi."

"Angalia inje, maman. Moshi imefunika mulima yote. Na mweupe hatutakamata kintu."

"Na manjano?"

Gaston alichukua kijiko kimoja, akapitisha kidole kwenye nukta tatu, akakifunga kwa mshipi mwembamba. Mnene ungeonekana na samaki, na mwembamba ungeweza kukatika. Aliogopa huku na huku, akachagua vile angechagua Agosti yoyote. Valérie alikunja shati safi na suruali ya Élie, akaweka kwenye kikapu ili amngojee mwanawe getini.

Walikuwa wanne mtumboni: Komanda, mlinzi wake, Gaston, na Akonkwa, ndugu wa Valérie, aliyeshika kasia. Uvuvi wa kukokota unataka wimbo, kwa maana mwendo ukiyumba kijiko kinazama na kulala. Akonkwa aliimba, kasia likifuata wimbo. Gaston alimwonyesha Komanda jinsi ya kushika mshipi kwa vidole viwili. Saa nzima ikapita bila kitu, na Komanda akaanza kumtazama Gaston kwa jicho ambalo Gaston aliliona na kulielewa.

Ndipo mshipi ukavutwa.

"Usilegeze, Komanda! Vuta pole pole, usilegeze!"

Komanda alicheka kwa sauti, uzi ukimkata viganja. Wakati huo mtumbwi wa kisiwani Idjwi ukatoka kwenye moshi, umejaa mananasi, wanawake wawili wameketi mbele na mwanamume anapiga kasia nyuma. Walikuwa wanapita pale pale mshipi ulipolala.

"Bako banakata mushipi yangu!" Komanda akapiga kelele.

Mlinzi hakungoja kuambiwa. Alimimina risasi, mwanamume akaanguka majini, mwanamke mmoja akalalia mananasi na hakuinuka tena. Wa pili alikuwa anapiga mayowe. Akonkwa akaacha wimbo, akaacha na kasia.

"Piga kasia, Akonkwa! Usisimame!" Hiyo ilikuwa sauti ya Gaston. Mtumbwi ukisimama, mshipi unalegea, na mshipi ukilegea samaki anakwenda zake na Élie anabaki ndani ya kontena. Yule mwanamume aliibuka ubavuni mwao, akashika ukingo wa mtumbwi kwa mkono mmoja. Mlinzi akamponda vidole kwa kitako cha bunduki, mara tatu, mpaka akaachia. Gaston alimwona. Alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumshika. Akamwambia Komanda, "Vuta, vuta, iko karibu," na hili ndilo jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu mpaka uzee wake, yeye aliyekuwa akisimulia kila kitu. Mimi simhukumu. Ila sikumwona tena kwa macho yale ya zamani.

Barbusi alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Gaston alimpiga rungu kichwani, na Komanda akamkumbatia samaki kifuani, damu na yote. Kisha akachomoa kijiko kinywani mwa samaki, akakifuta kwenye suruali na kukigeuza huku na huku. Kicheko kikaisha.

"Hii iko ganda ya masasi."

Mlinzi akakoki bunduki. Akonkwa akafumba macho.

"Nani alitengeneza?"

Ingetosha kusema: mimi. Neno moja, na kama ni kufa, angekufa mwenyewe. Lakini mjini kwetu, ukisimama mbele ya mkubwa, unamtaja mwanao. Unasema ana diploma, unasema ana mikono mizuri, unamwombea nafasi. Shule tunazipata hivyo, na kazi tunazipata hivyo. Gaston alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, kwa kila mkubwa aliyepita, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mkubwa akijua ubora wa mtoto, atamtunza.

"Ni mutoto wangu Élie, Komanda. Njo huyu mwenye uko naye kwa kontena. Haiko Mai-Mai, iko fundi! Iko na mikono, hakuna mutu anamupita. Ganda ya risasi yoyote, umupatie, anakutengenezea kintu kama hii."

Komanda akamwashiria mlinzi kwa mkono, bunduki ikashuka. "Fundi," akasema polepole. "Maganda, mie niko nayo mingi."

Walipofika, Élie alitolewa nje. Jicho moja lilikuwa limefumba, na kucha za miguu hazikuwepo. Mikono ilikuwa mizima. Komanda akaishika, akaigeuza, akaitazama vidole kimoja kimoja.

"Hii inaenda na mie Shabunda, kule ku pori ya vita."

"Komanda, ulisema atatoka!"

"Nilisema atatoka ndani ya kontena. Ametoka."

Valérie alikuwa getini na kikapu chake, anaona yote kati ya vyuma. Élie alimtazama baba yake kwa lile jicho moja. "Papa, weye njo ulibaambia?"

Gaston alifungua mdomo wenye mapengo, akaufunika kwa kiganja. Wakampakia Élie kwenye gari pamoja na masanduku ya risasi.

Tangu hapo, Komanda aliporudi mjini kwa ndege ndogo, kila mwezi au miwili, alimwita Gaston. Alikuja na soksi ya kijeshi iliyojaa vijiko vipya, akamimina mezani, na Gaston akachagua kipi kitakwenda ziwani. Kabla ya uzito, kabla ya mpindo, alitafuta nukta tatu. Zilikuwepo. Akirudi nyumbani na harufu ya samaki, Valérie alikuwa anamngoja mlangoni na swali moja tu.

"Ni yake?"

"Ni yake."

Basi siku hiyo walikula. Ilikwenda hivyo mwaka mzima na mwingine.

Agosti 2000 Komanda alimimina soksi mezani, vijiko tisa, vinang'aa. Gaston akachukua cha kwanza, akakigeuza. Akachukua cha pili. Akapitisha kidole kwenye vyote tisa, taratibu, akarudia. Vilikuwa vimegongwa vizuri na mtu mwenye mkono mzito. Havikuwa na nukta.

"Vipi, muzee?" Komanda akauliza. "Iko muzuri?"

Gaston akavipanga vyote tisa mstari mmoja mezani.

"Iko muzuri, Komanda."

Akachagua kimoja, akakifunga. Walikamata samaki wawili.

Jioni Valérie alikuwa anapiga pasi suruali ya Élie, ile ya kikapuni, aliyokuwa akiipiga kila Jumamosi. Hakuinua kichwa.

"Ni yake?"

Gaston aliweka kisanduku chini, akavua kofia.

"Ni yake," akasema.

"Basi iko muzima," Valérie akajibu, akageuza mguu wa pili wa suruali na kuendelea kupiga pasi.