Nilimnyima Mwanangu Maji, na Jibu Lake Lilikuwa Sahihi

Mimi nimeua. Sikushika kisu wala bunduki, na hakuna askari aliyewahi kunigongea mlango, lakini nimeua, na niliyemuua ni mwanangu wa kumzaa, mtoto wa miaka tisa. Nimekaa na neno hili kifuani zaidi ya miaka ishirini. Wewe unayesoma, nisikilize tu. Usinihurumie.

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja mjini Nakuru. Nilijulikana! Nikipita mtaa wa Bondeni na kaptura yangu ya khaki iliyopigwa pasi, wazee kwa vijana waliacha mazungumzo wakanisalimu, "Mwalimu! Mwalimu!" Kitu hicho nilikipenda kuliko chakula.

Siku moja mwalimu mkuu aliingia darasani kwangu, akasimama nyuma, kisha akasema mbele ya watoto wote, "Mwalimu, hesabu ya tatu umekosea." Kweli nilikuwa nimekosea. Watoto wakacheka. Nilitupa chaki chini, nikatoka na sikurudi tena. Wanangu wawili nikawatoa shule siku hiyo hiyo.

"Nitawasomesha mwenyewe," nilimwambia mke wangu. "Hakuna mwalimu mji huu anayenifikia."

Mke wangu, Mama Zuhura, aliniangalia tu. Alikuwa ameshajifunza kunyamaza.

Wakati wa vita vya pili vya dunia nilikuwa dereva jeshini, kwa hiyo kazi sikuikosa. Mwenye duka mmoja mjini alinipa lori lake nipeleke unga, sukari na nguo kwenye maduka ya kaskazini, huko jangwani. Safari ilikuwa ya miezi, kituo hadi kituo. Nikasema basi, familia yote inakwenda! Fundi akanijengea chumba cha mbao nyuma ya lori. Ndani kulikuwa na vitanda vya kubandika ukutani, rafu ya sufuria na stovu ya mafuta, na juu ya mlango nikapigilia ubao mweusi. Siku ya kuondoka nusu ya mtaa ilikuja kutazama. "Mwalimu anahama na nyumba yake!" walisema. Nilivimba kichwa, jamani.

Tulipanda Dundori kwenye baridi, tukapita Rumuruti, tukafika Maralal. Hadi hapo watoto waliiona safari kama sikukuu. Zuhura alikuwa na miaka kumi na miwili, akili zake zilikuwa kama wembe. Swaleh, mdogo wake, hesabu zilimpa taabu, lakini gari alilijua. Kila nikisimama alikuwa chini ya lori, mgongo kwenye vumbi, akinitajia kila nati. "Baba, hii ndiyo koki ya rejeta, sivyo? Ukiifungua maji yote ya kupoza injini yanatoka, sivyo?"

Baba mwingine angefurahi. Mimi nilimwambia, "Toka huko. Unataka kuwa utingo?"

Kutoka Maralal kwenda mbele jua lilianza kutuchoma, na maji yakawa ya kupima. Hapo ndipo nilipotunga sheria yangu. Majibu matano sahihi, kikombe kimoja cha maji. Ukikosa hata moja, unasubiri somo la jioni.

"Baba Zuhura," mke wangu alisema, "maji si zawadi."

"Mtoto hujifunza akitaka kitu," nilimjibu. "Wewe pika."

Pipa lilikuwa na maji ya kututosha. Ninalisema hili mapema ili mtu yeyote asije akafikiri tulikuwa na shida. Maji yalikuwepo! Nililifunga pipa kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni.

Zuhura alipata kikombe chake kila siku. Swaleh siku nyingine alipata, siku nyingine hakupata. Nilimkuta dada yake akimpa maji kutoka mdomoni mwake, kama ndege anavyolisha kinda. Niliwachapa wote wawili. Mungu wangu, niliwachapa!

Baada ya Baragoi barabara ilikwisha, zikabaki alama za magurudumu tu. Tulipoingia jangwa la Chalbi hapakuwa na mti wala kichaka, chini kumepasuka na kufunikwa na chumvi nyeupe. Siku ya pili humo, saa nne asubuhi, nilisimamisha lori ili jua kali lipite. Nikafunga turubali ubavuni, tukakaa kivulini, nikaanza somo.

Swaleh alikuwa hajanywa tangu jana mchana, isipokuwa funda moja alfajiri. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Lakini siku hiyo, sijui alipata wapi nguvu, alijibu swali la kwanza sawasawa, la pili, la tatu, la nne. Mama yake alishaanza kutafuta kikombe.

"La tano," nikasema. "Kumi na saba mara kumi na tatu."

Aliandika kwenye sleti yake muda mrefu. Kisha akainua uso akatabasamu, damu ikamtoka mdomoni kwa lile tabasamu. "Mia mbili ishirini na moja, baba."

"Umekosa. Ni mia mbili na kumi na moja."

Zuhura aliinua kidole kama darasani. "Samahani baba. Swaleh amepata. Ni mia mbili ishirini na moja."

Nilipiga hesabu tena kichwani. Wallahi nilipiga, na nikaona kuwa mtoto alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosa. Ningesema tu, "Kweli, nimekosea," basi. Maneno mawili! Lakini nilisikia watoto wa darasa langu wakicheka, nikahisi uso unawaka. Nilimpiga Zuhura kofi.

"Nimesema amekosa. Hakuna maji hadi jioni."

Swaleh hakulia. Alifuta sleti yake kwa kiganja, taratibu, akaiweka chini.

Nilijilaza nikasinzia. Nilipoamka saa nane hivi nilikuwa bado na hasira, nikaamuru wote wapande twende. Kila siku kabla ya kuwasha nilifungua boneti nikaangalia maji ya rejeta. Siku ile sikuangalia. Hata hilo lilikuwa kosa langu, si la mtu mwingine.

Hatukwenda mbali. Lori lilianza kunuka, moshi ukatoka, injini ikapiga kelele ya chuma kusaga chuma, ikanoki, ikafa kabisa. Nilishuka, nikainama chini. Koki ya rejeta ilikuwa haijafungwa vizuri. Rejeta ilikuwa kavu kabisa.

"Nani amegusa hii koki?"

Swaleh akaja mbele yangu mwenyewe, hakukamatwa na mtu. "Mimi, baba. Ulipolala. Nilikuwa na kiu. Nilitaka kufunga lakini ilikuwa ngumu."

Mwanangu alikunywa maji ya kutu, kutoka tumbo la gari, na pipa lina maji hatua nne kutoka alipokuwa!

Wewe unayesoma, hapo baba yeyote angepiga magoti. Mimi nilimshika mkono nikamtoa kivulini, nikamweka mbali na lori, nikachora duara kwa kisigino cha kiatu kumzunguka. "Utasimama humu mpaka nikuambie utoke. Umetuua sote kwa ulafi wako."

Mama yake alisimama. "Baba Zuhura, lile jua—"

"Ukimsogelea, na wewe nakuacha hapahapa."

Alikaa. Nilijua atakaa. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimemfundisha kukaa.

Niliingia chini ya lori nikajifanya natengeneza. Injini imenoki, natengeneza nini? Nilikuwa sitaki kumtazama tu. Mara mbili nilimsikia akiita, "Baba, nimeelewa." Sikujibu. Baadaye Zuhura alipiga ukelele.

Alikuwa ameanguka ndani ya duara. Mwili wake ulikuwa mkavu na moto kama sufuria. Sasa kufuli nililifungua mbio! Nilimmwagia maji, nikamwekea kikombe mdomoni, yakatoka pembeni. Koo lilikuwa limekataa. Mama yake alimpakata, akawa anamwita jina lake tu, bila kelele. Kabla jua halijatua Swaleh alikuwa amekwisha.

Asubuhi walifika Wagabra watatu, wafugaji wa huko jangwani, na ngamia zao. Walitusaidia kuchimba kaburi, ardhi ngumu ile, na Zuhura alichimba nao kwa sufuria. Tulipomaliza, mmoja wao, mtu wa makamo aliyejua Kiswahili kidogo, alitaka kujua kilichomuua mtoto.

"Kiu," nilisema. "Jangwa lenu hili."

Alikwenda kwenye lori akaligonga pipa kwa fimbo yake. Tup. Lilikuwa zaidi ya nusu. Akanitazama.

"Maji iko," alisema. "Hii maji ya nani?"

Nikauficha ufunguo wa shingoni ndani ya shati.

Walitupeleka kwa ngamia hadi North Horr, tukapata gari la Marsabit. Karani wa boma la serikali aliniuliza sababu ya kifo. Nikamwambia homa. Akaandika homa. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu, hakusema kitu, nami, Mungu anisamehe, nilifarijika!

Tuliporudi Nakuru watu walikuja kutupa pole, nikazipokea. "Mwalimu, kazi ya Mungu." Nikaitikia. Siku ya arobaini, wageni walipoondoka, Mama Zuhura alifunga kanga yake akaniambia, "Nilikaa siku ile kwa sababu nilikuogopa. Hilo ni langu, nitalijibu mwenyewe. Wewe jibu lako." Alimshika Zuhura mkono, wakaenda nyumbani kwa kaka yake. Jumatatu iliyofuata alimrudisha Zuhura shuleni kwa mwalimu mkuu yule yule. Talaka aliidai, nikampa.

Sikuoa tena, na sikufundisha tena. Kuna watu hapa mtaani bado wananiita mwalimu. Kila wakiniita nataka kuziba masikio.

Mwaka juzi nilikutana na Zuhura sokoni. Ni mama wa watu sasa, mwili umejaa, alikuwa na kijana wake wa miaka kama tisa hivi, amebeba kapu la viazi. Nilisimama mbele yao. Mtoto akanitazama kwa adabu, kisha akamwuliza mama yake, "Mama, huyu mzee ni nani?"

Zuhura hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alisema, "Ni mtu tuliyewahi kusafiri naye," akamshika mtoto bega, wakapita.

Wewe baba, wewe mama, wewe mwalimu mwenye fimbo: mtoto akikwambia umekosea, na moyoni unajua umekosea, sema. Sema hapohapo, mbele ya watu, wacheke wakitaka! Kicheko hakiui. Mimi nilikikimbia kicheko cha watoto thelathini, na sasa nyumba yangu iko kimya, na hakuna hata mmoja wa kunicheka.