Baada ya Amina, Boneti

Siku waliyokuja kuombea pikapu nilisema amina kama wengine, kisha nikafungua boneti. Hapo ndipo kelele ilipoanza.

Pikapu ni ya marehemu mzee wangu. Alipotuacha, kifungua mimba wetu alitaka kuichukua aende nayo kwake Nanyuki. Nikakataa. Nilikuwa nimechoka kungojea mtu wa kunipelekea kabichi soko ya Karatina, akifika zimeshanyauka. Nikaenda kujifunza udereva mjini Nyeri na mvi zangu. Shule ya vitabu niliiacha mapema, lakini macho ninayo. Walionicheka nikipita na kibandiko cha L, majina yao wote ninakumbuka. Sitayaandika. Wanajijua.

Tukapatana na huyo kijana wangu. Jumamosi nishuke na kabichi, yeye akikaa kando yangu kwa sababu ana leseni. Nikifika sokoni, ufunguo ni wangu. Nikishindwa, gari ni lake.

Kwetu gari ikipata dereva mpya lazima iombewe. Mzee wa kanisa aliweka mkono juu ya boneti, majirani wakaizunguka wakafumba macho. Na ikishaombewa, hakuna mtu anayeikagua tena. Ukikagua ni kama umemwambia Mungu humwamini. Nimeona magari mengi yakiteremka hivyo, yameombewa vizuri na tairi ni upara.

"Mami, panda twende," kijana wangu akasema, akainama kuondoa jiwe lililozuia gurudumu. Tulikuwa kwenye mteremko.

"Acha hilo jiwe hapo!"

Nikachomoa kijiti cha oili, nikapangusa, nikatazama. Oili ilikuwa sawa. Maji sawa. Nikawasha taa, nikamwambia jirani asimame nyuma aziangalie.

"Moja imewaka, shosho. Ingine imekataa."

Kichupa cha mafuta ya breki kilikuwa karibu kikavu. Nikainama kwa shida, magoti yakilalamika, nikaona tairi ya nyuma imelowa upande wa ndani, na mvua haikuwa imenyesha. Nikapanda, nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini.

"Gari haitoki," nikasema.

"Lakini mama, si tumeshaomba?" mzee wa kanisa akauliza, kwa upole.

"Tumeomba, mzee. Lakini wa kukanyaga ni mimi."

Kijana wangu akawageukia watu akicheka. "Ati breki! Sema tu unaogopa, Mami, unipe ufunguo."

"Haya, kanyaga wewe."

Nikashuka, akapanda, akakanyaga. Nikaona goti lake likienda mbele. Akakanyaga tena, na tena, haraka haraka. "Unapampu tu hivi, inashika. Mimi huwa napampu."

"Inashika kabla ya lile daraja la chini ya mteremko, ama baada ya daraja?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Akakasirika. "Mapatano ilikuwa leo. Leo hufiki Karatina. Kwa hivyo umeshindwa."

"Nimeshindwa kukuua. Hiyo nakubali."

Nikanyoosha mkono dirishani, nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani ndani ya sweta, mahali ambapo hakuna mtoto wangu atathubutu kuutafuta. Kisha nikaanza kushusha kabichi. Majirani walinunua chache, ng'ombe wakala nyingi. Kijana wangu alishuka barabarani kwa miguu kutafuta gari ya kumrudisha Nanyuki, na hakuniaga.

Fundi alipokuja alikuta silinda ya breki ya gurudumu la nyuma inavuja. Akaweka mpya. Baadaye nikafanya mtihani, nikapata leseni. Siku hizi Karatina ninaenda mwenyewe, na kila asubuhi kabla ya kutoka ninakanyaga ile breki gari ikiwa imesimama. Watu wakinicheka, wacha wacheke.

Kijana wangu bado anawaambia ndugu zake kwamba nilivunja mapatano. Ni kweli, niliyavunja. Akitaka kupanda pikapu akaribie, kiti cha abiria kiko wazi.