Kufuli la Tenki

Kabla ya kufungua mfuniko wa tenki, Twaha alikuwa na desturi ya kuufuta pande zote, taratibu, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Miaka kumi na tisa ameendesha malori na hakuna pampu ya dizeli iliyomfia mikononi. Mafuta ya dumu aliyachuja kwa kitambaa cha pamba alichokifua mwenyewe. Akikuta kituo cha mafuta kinashushiwa mzigo, haingii, maana uchafu wa chini ya kisima cha mafuta umeshavurugwa. Jioni alilaza tenki limejaa, kwa kuwa tenki tupu hutoa jasho kwa ndani. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, alilegeza nati ya chini, akakinga chupa, akayaacha maji yaliyotuama yatoke mpaka aione dizeli tupu. Madereva wenzake wa Buguruni walimwita Daktari wa Tenki. Aliwaacha wacheke.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuitwa mwizi wa mafuta, tena Kariakoo, saa tano asubuhi, Mtaa wa Kongo umefurika watu. Heri angezabwa kofi.

Aliyemwita hivyo ni mwenye lori, Fortunata, ambaye sokoni wote humwita Mama Candida, muuza ndoo na masufuria ya jumla. Si mwanamke mbaya, tuseme ukweli. Siti, mke wa Twaha, alipougua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali na kukaa naye kwenye benchi mpaka jioni. Lakini dereva wa kwanza alimwibia dizeli kwa kuinyonya na mpira mwaka mzima, na tangu hapo mama wa watu hakuona kingine. Akiona mpira umelala barabarani, moyo unamwenda mbio.

Desemba akaleta fundi wa kuchomelea atie kufuli kwenye mfuniko. Mfuniko haukuwa na pa kushikia mnyororo, na yule fundi, Mungu amsamehe, akautoboa katikati, tundu la kuingia kidole. Akapitisha mnyororo, akapiga kufuli. Ufunguo ukaingia kwenye pochi ya Mama Candida, na amri ikatoka: lori lilale na mafuta ya kulifikisha kituoni tu.

"Mama, hapo mvua itaingia," Twaha alimwambia. "Na tenki likilala tupu linajitengenezea maji lenyewe."

"Twaha baba, mvua inaiba? Mimi naogopa watu."

Wiki haikuisha, Mama Candida akamkuta chini ya gari na chupa yake. "Kumbe unapitia huku!" Twaha akainyanyua chupa mama aone mwenyewe: maji chini, dizeli juu. Hakuitazama. Kufikia mchana nati nayo imefunikwa kwa bamba la chuma na kufuli la pili.

Twaha alikasirika, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomkera baadaye kuliko yote. Masika yalipoanza, akafunga mfuko wa nailoni juu ya mfuniko. Mama Candida akaung'oa, akidai dereva anaficha kufuli ili mlinzi wa uwanja asione likichezewa. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na lori limelala uwanjani bila paa.

Siku ya nne, limeshapakia mzigo wa Morogoro mbele ya duka, lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Fundi Shaibu akaitwa kutoka Buguruni. Alipofungua chujio la mafuta, yakatoka maji yenye ukungu, kama yaliyooshewa mchele. Pampu imekwisha, akasema.

"Ameuza dizeli yangu, akajazia maji!" Mama Candida alipiga ukelele. "Mwizi! Mwizi huyu!"

Ndugu yangu, neno hilo Kariakoo halina mzaha. Wapagazi walitua magunia. Mtu ambaye Twaha hajawahi kumwona maishani alishamkaba ukosi wa shati, mwingine kaokota kipande cha ubao. Ni Shaibu aliyejitupa katikati akipiga kelele kwamba huyu anamjua, mwacheni, mpaka wakamwachia. Wakati wote huo Mama Candida alisimama mlangoni. Hakusema basi.

Twaha alirudi nyumbani vifungo viwili vimekatika. Habari zilishamtangulia. Siti alimtengea chakula, akaketi mbele yake, akauliza mara moja tu.

"Ulichukua?"

Hakula. Kama mwanamke aliyelala naye miaka ishirini na miwili anauliza, basi wengine hawaulizi tena, wanajua. Nani atampa lori? Jina la dereva likishanuka dizeli ya wizi, hakuna sabuni ya kulisafisha.

Asubuhi alikwenda gereji kwa Shaibu, ambako lori lilivutwa, na kumtaka Mama Candida aje na funguo zake. Akaja kwa bajaji, uso kaukunja. Makufuli yakafunguliwa, tenki likashushwa na kumwagwa. Chini palikuwa na kutu, mchanga na maji ya kujaza ndoo. Shaibu aliliosha na kulikausha mbele ya macho yake, akalirudisha mahali pake.

"Lifunge mwenyewe," Twaha alisema. "Juu na chini."

Akafunga, akajaribu makufuli yote mawili kwa kuyavuta. Twaha akachukua kopo, akamimina maji juu ya mfuniko, kopo la kwanza, la pili, la tano. Maji yalijaa kwenye kibonde cha mfuniko, yakazunguka mnyororo, yakatitia tunduni.

"Haya. Fungua la chini."

Mama Candida akafungua. Shaibu akalegeza nati. Maji yakaruka, yakamlowesha viatu na pindo la gauni, naye hakusogea. Aliutazama mfuniko, kisha nati, kisha mfuniko tena.

"Pole, baba," akasema hatimaye, polepole. "Nimekukosea. Funguo hizi hapa, kaa nazo wewe."

Twaha hakunyoosha mkono. "Uliniitia mwizi Kariakoo, mama. Pole unaniletea gereji?"

Mama Candida alirudi kwenye bajaji, akakaa, kisha akasogea kumpisha nafasi. Twaha akapanda.

Mbele ya duka wapagazi walikuwa wakipakua maboksi, yule wa ubao akiwa miongoni mwao. Mama Candida alisimama mlangoni palepale pa jana, akainamisha macho kwenye masufuria.

"Jamani, huyu baba hakuiba," akasema. "Kosa lilikuwa langu."

Hakuna aliyegeuka. Maboksi yaliendelea kushuka.

"Hawajasikia, mama," Twaha alisema. "Jana walisikia."

Mama Candida aliishika fremu ya mlango, akavuta pumzi, akapiga ukelele: "Si mwizi! Si mwizi huyu!"